Mama kabadilishiwa bega, mbona bado hawezi kukuna nazi?

Mwezi huu meseji zilizoingia nyingi ni za mabega, na nyingine zinafanana, basi nimeona nichukue hii moja ndefu niijibu kwa kirefu halafu hizo nyingine nizipitie haraka. Majina nimeyatoa, wenyewe mtajijua.

SWALI: Shikamoo Bi Fizio. Nakuandikia kutoka Mikanjuni hapa hapa Tanga, ni kuhusu mama yangu, ana miaka 68, bega la kulia limemsumbua miaka na miaka, kachua na mafuta ya kila aina, kachomwa masindano, mpaka ikafika usiku halali kabisa, anakaa kitandani kaushikilia mkono anasubiri adhana. Kaka yetu yuko nje, akachanga na ndugu wakampeleka India akabadilishiwa bega, sasa huu mwezi wa nne. Yale maumivu ya usiku kiukweli yameisha, analala. Lakini mkono anaunyanyua mpaka usawa wa kichwa basi, nyuma haufiki, sidiria namfunga mimi, ndoo hawezi kujitwisha, nazi hawezi kukuna, na majirani washaanza, eti hela zote zile na bado anavalishwa. Karatasi yake imeandikwa bega la "rivasi", hatukuelezwa ndo nini. Fizio, yale mazoezi ya tiba, alikwenda kidogo tukaacha, bajaji kila siku tulishindwa. Niambie tu ukweli, opereshen imefeli? (Binti wa Mikanjuni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mpe pole yangu na hongera pia, maana kulala usiku mzima baada ya miaka ya kukesha si jambo dogo, majirani wanaliona dogo kwa sababu si wao waliokuwa wanakesha.

Kwa dalili ulizonitajia haijafeli. Ninachokiona mimi ni kwamba hakuna mtu aliyekaa na mama kabla hajapanda ndege akamwambia bega hili litakupa hiki na hiki, na kile usahau. Kwa hiyo nyumbani mkawa mnasubiri arudi na bega la msichana. Hilo halipo, si India si Ulaya. Bega la bandia mtu anawekewa kwanza kabisa kwa ajili ya maumivu, hasa ya usiku, na hapo ndo linafanya vizuri mno, wagonjwa walio wengi maumivu yanaisha au yanabaki madogo ya kuishi nayo. Baada ya hapo kunyanyua mkono, hapo linafanya vizuri kiasi. Nguvu za kubebea ni za tatu, na la mwisho kabisa ni kupeleka mkono mgongoni, na hilo la rivasi kwa mgongoni ni bahili haswa.

Sasa rivasi yenyewe. Bega tulilozaliwa nalo, juu ya mfupa wa mkono kuna kichwa cha mviringo, na kwenye bapa la bega kuna kikombe chenye kina kifupi sana, kichwa kinazunguka humo, na kinachokishikilia kisichomoke ni misuli minne midogo iliyolizunguka bega pamoja na kano zake. Watu wengi wakishakula chumvi kano hizo zinachakaa, zinachanika, na zikishachanika vibaya ukimwekea mtu bega la bandia la umbo lile lile la kawaida halitulii, akijaribu kunyanyua mkono kile kichwa kinapanda tu juu kinagota mfupa. Ndo daktari mmoja Mfaransa, Paul Grammont wa mji wa Dijon, mwaka 1985 akaja na wazo la kugeuza mambo, mviringo akaufunga kwenye bapa la bega na kikombe akakihamishia kwenye mfupa wa mkono. Ukishageuza hivyo kazi ya kunyanyua inabebwa na ule msuli mkubwa wa juu ya bega, ule tunaochomwa sindano ya pepopunda, ile midogo iliyochanika haihitajiki tena. Wamarekani waliruhusu kwao 2003 na leo nchi nyingi zilizoendelea ndo aina inayowekwa kuliko zote.

Kwa hiyo mama kuwekewa rivasi, uwezekano mkubwa kano zake zilikuwa zimekwisha au daktari aliona hazina maisha. Na alichopata na alichokosa vinafuata hapo hapo, mbele na juu anapata, nyuma anapoteza. Wengi wa rivasi wanaishia kunyanyua mkono mpaka nyuzi 120 au 140 hivi wakati bega zima linafika 180, yaani kabati la vyombo analifikia, boriti halifikii. Mgongoni wengi wanaishia kwenye kalio au kiunoni. Usawa wa kichwa ndani ya miezi minne, tena mtu aliyeacha mazoezi, mimi nasema yuko njiani vizuri tu. Sidiria anunue za kufungia mbele, au aifunge kwa mbele halafu aizungushe, kesi imeisha. Na shukuruni ni mkono wa kulia, maana ingekuwa wa kushoto swali langu la kwanza lingekuwa la chooni, anachambaje, na hilo nawaambia wote mnaosoma mkiwa hamjapasuliwa, muulizeni daktari kabla bila aibu, mwambieni mkono huu ndo natumia kwa hiki, kuna watu wanalijua chooni tayari wamesharudi nyumbani na inakuwa fedheha.

Muda nao. Mabadiliko makubwa ni miezi sita ya mwanzo, yanaendelea mpaka mwaka, wengine kidogo kidogo mpaka miaka miwili. Kumhukumu mama mwezi wa nne ni mapema. Kumwachisha fizio ndo sikupenda. Fikiria mkono umening'inizwa shingoni wiki nne mpaka sita, ule msuli mkubwa umelala, na sasa unatakiwa ufanye peke yake kazi ambayo zamani ulikuwa unasaidiwa, lazima ufundishwe. Si lazima bajaji kila siku. Nendeni pale hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye fizio hata mara moja kila wiki mbili, bebeni ile karatasi ya India na eksirei, mwambieni nipe mazoezi ya kufanyia nyumbani na uniandikie mwisho wangu uko wapi. Halafu nyumbani ni kila siku, asubuhi mchana jioni, dakika chache chache. Aweke kanga mezani asukume mkono mbele na kuurudisha. Alale chali ashike mpini wa fagio kwa mikono miwili, wa kushoto umsaidie wa kulia kupanda. Akizoea afanye hivyo hivyo akiwa ameegemea mito, halafu amekaa. Haya ni ya kawaida lakini kama karatasi yake inakataza kitu fuateni karatasi.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na ndoo yenyewe, halafu kujitwisha ni kuinyanyua juu ya kichwa, hiyo mama ameagana nayo, si mwezi huu si mwakani. Madaktari wengi wanampa mgonjwa mpaka wa kilo kama 10 kwa maisha yake yote, wapo wanaoruhusu zaidi kidogo. Kidumu cha lita 5 baadaye sawa, kikae karibu na mwili. Mbuzi ya nazi ni shughuli ya kukandamiza na kuzungusha kwa wakati mmoja, kwa sasa hapana, baada ya mwaka huenda akakuna moja moja mkono wa kushoto ukifanya kazi kubwa, lakini mwanangu na wewe upo hapo, nazi za mashine sokoni zipo, kwani lazima akune yeye?

Kitu kimoja msikichezee, mkono kwenda nyuma huku anajisukumia. Mtu amekaa mkekani, anataka kuinuka, anaweka kiganja nyuma ya kalio anajisukuma, hapo ndo rivasi inaweza kuchomoka, hasa miezi ya mwanzo. Mtafutieni kiti cha kimo, aamkie miguu na mkono wa kushoto. Na ikitokea ghafla maumivu makali juu kabisa ya bega, kwenye ule mfupa unaougusa ukimwekea mtu mkono begani, na mkono unakataa kupanda kama jana, nendeni mkapige eksirei, kwa watu wa rivasi mfupa ule huwa unapata ufa kwa sababu msuli sasa unauvuta kwa nguvu.

Majirani je? Kuna dodoso moja linatumika sana, lilitungwa Oxford huko Uingereza, 1996, maswali 12 kuhusu wiki nne zilizopita, kila swali alama 0 mpaka 4, ukijumlisha 48 ndo bega zima halina neno. Mengine yanachekesha kwetu, wanauliza unaweza kutumia kisu na uma, unaweza kutundika nguo kabatini, unaweza kuvuka chumba na trei ya chakula. Wewe badilisha tu, anakula ugali kwa mkono ule? anaanika nguo kwenye kamba? anabeba sinia kutoka jikoni mpaka ukumbini? anachana nywele, anaoga kwapa zote mbili, anaingia kwenye bajaji bila kusaidiwa, maumivu ya usiku je? Mwulize alivyokuwa kabla ya India na alivyo leo, andika kwenye daftari, rudia kila mwezi. Naamini kwenye usiku peke yake atakuwa ametoka sifuri. Anayeleta maneno mwonyeshe daftari, asipotaka kuliona mpe chai aondoke.

SWALI: Dada salaam. Mi nabeba mizigo tangu ujana, nina miaka 56, bega la kulia eksirei inaonyesha limesagika. Nimeambiwa nikibadilisha ntakuwa sawa, nataka nifanye haraka nirudi kazini. (Wa Ngamiani)

JIBU: Salama mdogo wangu. Aliyekwambia utakuwa sawa hakumalizia sentensi. Kwa wagonjwa wote kwa ujumla mabega haya yanadumu, kama 9 katika 10 yanavuka miaka 10 bila kufunguliwa tena. Lakini ukigawa kwa umri na jinsia picha inabadilika sana. England walifuatilia wagonjwa zaidi ya 50,000, wakachapisha 2019, wakakuta mwanamke wa miaka 85 na kuendelea nafasi yake ya kuja kurudia opereshen maishani ni kama 1 kwa 37, ila mwanaume wa miaka 55 mpaka 59, yaani wewe, ni kama 1 kwa 4. Na kurudia kwingi ni ndani ya miaka mitano ya mwanzo, si uzeeni. Una miaka mingi mbele na bega unalitumia kwa nguvu, kwenye bega la umbo la kawaida kikombe cha plastiki ndo mara nyingi kinaanza kulegea. Opereshen ya kurudia ni ngumu zaidi na matokeo yake huwa chini ya ile ya kwanza.

Hizo data hizo hizo zinasema kama 1 kati ya 28 anapata tatizo kubwa la kiafya ndani ya siku 30, vitu kama nimonia, damu kuganda, moyo, na wazee sana ndo wanaoathirika zaidi. Kwako wewe hilo si kubwa, kubwa ni kazi. Bega la bandia halikurudishi kwenye magunia. Linakurudisha kulala, kula, kuvaa, kushika usukani, kuuza duka. Kama huna mpango wa kazi nyingine basi hata upasuliwe na nani utaliharibu, kwa hiyo mi ningeanza na hilo la kazi, huku fizio na dawa za maumivu zinaendelea, na upasuaji ubaki akiba mpaka usiku ukushinde kweli. Sindano ya stiroidi inaweza kukununulia muda, ila kama tarehe ya opereshen imeshapangwa usiichome ndani ya miezi mitatu kabla, inaongeza hatari ya bega kupata wadudu.

SWALI: Mjomba wangu yuko Dunda, Bagamoyo, aliwekewa bega mwaka jana akapona vizuri tu, sasa ni mwezi wa nane tangu opereshen, maumivu yamerudi na bega limeanza kukaza. Homa hana, kidonda kilishafunga zamani, duka la dawa wamempa antibayotiki anywe wiki mbili. Ni sawa?

JIBU: Si sawa, mwambie asitishe kwanza ampigie simu daktari aliyempasua, leo, asingoje ijumaa. Bega lina mdudu wake anaitwa Cutibacterium acnes, ni yule yule wa chunusi, anaishi ndani ya vitundu vya mafuta vya ngozi ya bega na kwapa, wanaume wanaye zaidi. Akiingia wakati wa opereshen hana fujo, haleti homa wala usaha wa kuonekana, hata vipimo vya damu vinaweza kurudi safi, anakaa miezi mpaka mtu anaanza kusikia maumivu na kukaza bila sababu. Maabara wakimuotesha wanatakiwa wasubiri mpaka siku 14 kwa sababu ni mvivu kukua. Sasa mjomba akishakunywa dawa za duka kabla ya kutolewa sampuli, mdudu anajificha, kipimo kinasoma hamna kitu, na bado yumo. Si lazima iwe ni huyo, inaweza kuwa kulegea au kano kuchanika, lakini huyo ndo wa kumtoa kwenye orodha kwanza. Akigundulika ni opereshen ya kusafisha na mara nyingi kubadilisha vyuma, pamoja na antibayotiki za wiki kadhaa zilizochaguliwa kwa jina la mdudu. Ni tabu ya zamani sana hii, bega la bandia la kwanza duniani aliliweka daktari mpasuaji Péan huko Paris, 1893, la platinamu na mpira, kwa mtu mwenye kifua kikuu cha bega, na baada ya kama miaka miwili ikabidi litolewe kwa ajili ya maambukizi.

SWALI: Nina selimundu, miaka 26, wanasema kichwa cha mfupa wa bega kimekufa. Nami nibadilishe?

JIBU: Pole sana mwanangu, selimundu inaziba vimishipa vya damu vinavyolisha kile kichwa, nyonga ndo huanza lakini bega linafuata. Swali la kuuliza ni kimeshabonyea au bado. Kama bado kina umbo lake kuna mengine ya kujaribu, mazoezi, kupunguza mzigo, wengine wanatobolewa mfupa kupunguza presha ndani. Kama kimebonyea ila kikombe ni kizima, wapo wanaowekewa kichwa tu, kikombe kinaachwa, na kwa umri wako ujue kabisa mbele kuna uwezekano wa opereshen ya pili. Zaidi ya yote, daktari wa mifupa na daktari wa damu waongee kabla, maana nusu kaputi kwa mtu wa selimundu inataka maandalizi, maji, joto, oksijeni, pengine kuongezewa damu. Ukipewa rufaa kwenda MOI, ile taasisi ya mifupa ya Dar es Salaam, uzuri wake ni kwamba iko uwanja mmoja na Muhimbili pale Upanga, kliniki ya damu haiko mbali. Dawa yako ya selimundu, haidroksiurea, usiiache mwenyewe.

SWALI: Bi Fizio mimi ni wa miezi miwili na bega jipya la kushoto. Nasujudu lini, na baiskeli napanda lini? (Mzee wa Chumbageni)

JIBU: Kusujudu kunaweka uzito kwenye viganja, na kuinuka kutoka sijda kunaweka zaidi, miezi miwili bado. Swali kwenye kiti kwa ishara, mgonjwa ana ruhusa yake na imamu wako atakwambia hivyo hivyo. Mbele ya safari wengi wanarudi kusujudu kwa kuegemea mkono mzima, fizio atakupima.

Baiskeli najua kwa mtu wa Tanga ni mguu wa tatu. Kuipanda siyo shida, shida ni kuanguka, ukiangukia bega hilo mfupa unaweza kuvunjika pale pale chuma kinapoishia na hiyo kuitengeneza ni kazi kubwa. Kabla ya miezi mitatu usiguse kabisa, baada ya hapo ni mpaka daktari aone eksirei na wewe uweze kushika breki zote mbili na kukata kona bila kukunja uso. Ukianza anza asubuhi mapema kule Raskazone kabla bodaboda hawajaamka, na mjukuu usimpakie.